Meloni F1 yenye ukinzani imeota unga mweupe: nikamue mbegu za mimea iliyo safi?

Kitalu2: Wakuu, pakiti ya meloni F1 (chotara wa kizazi cha kwanza) imeandikwa HR Fom:0,1,2 na IR Px:1,2. Matunda yana ukubwa wa ngumi, majani ya chini yamejaa unga mweupe, ila mimea michache haina hata doa. Nimeuziwa mbegu feki? Na nikitunza mbegu za hiyo iliyo safi, msimu ujao nitakuwa salama? Jirani kuna matango na maboga.

Shina: Si lazima ziwe feki, mkuu. Fom ni kuvu wa mnyauko fuzari, Px ni kuvu wa ubwiri unga, ndio huo unga mweupe. HR ni ukinzani wa juu, IR ni wa kati: ubwiri unga unapunguzwa kasi, hauzuiwi. Tena namba ndizo za kusoma. Px:1,2 ni makundi mawili tu ya kimelea. Likiingia kundi la 5, maandishi hayo hayakusaidii. Nyunyiza salfa sasa, juu na chini ya jani, maana haiponyi jani lililokwisha shikwa. Usipige kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32, wala ndani ya wiki mbili baada ya kupiga mafuta, majani yataungua. Jaribu kwanza kwenye mimea michache, baadhi ya meloni haziivumilii.

Mchavushaji: Kuhusu mbegu, hapo ndipo wengi wanapopotea. Mimea ya F1 moja ina jeni zilezile, kwa hiyo ulio safi umebahatika tu: spora (vijimbegu vya kuvu) zimechelewa kuufikia. Ukiuchagua hujachagua kitu.

Kizazi cha F2, yaani mimea ya mbegu utakazotunza, ndicho kinachogawanyika. Chukua ukinzani wa mnyauko: jeni Fom-1 inazuia makundi 0 na 2, jeni Fom-2 inazuia 0 na 1, zote zinatawala (nakala moja inatosha). Kama kila mzazi alileta moja, mimea 9 kati ya 16 ndiyo itakuwa nazo zote mbili. (Kundi 1.2 linazipita zote. Dawa yake ni kupandikiza kwenye shina la boga chotara.)

Ukitaka kuchagua kweli, chovya mizizi ya miche ya F2 kwenye maji yenye spora za kuvu wa mnyauko milioni 1 kwa mililita. Weka na miche ya aina inayojulikana kuugua; isipokufa, jaribio halina maana. Miche itakayopona ichavushe kwa chavua yake yenyewe, ua likiwa limefungwa tangu jioni. Kisha pima hivyohivyo miche 20 ya mbegu za kila mmoja: familia isiyopoteza hata mche ndiyo imetulia, haigawanyiki tena.

Kitalu2: Matango jirani hayataharibu mbegu?

Mchavushaji: Hapana, tango na boga havizalishani na meloni. Meloni nyingine ndiyo ya kuogopa.

Shina: Ila ubwiri unga unashika zote tatu. Mashina ya zamani yang'oeni mapema. Na kwenye tango, ukiona madoa ya njano yenye pembe na vumbi la kijivu chini ya jani, huo ni ubwiri vinyoya, salfa haiugusi.