Mgonjwa halali usiku: muuguzi afanye nini kabla ya kuomba dawa ya usingizi?

Swali
Wauguzi wenzangu, habari za kazi. Katika wodi ya watu wazima ninakofanya zamu za usiku, wagonjwa wengi hulalamika kwamba hawapati usingizi, nasi huishia kumwomba daktari aandike dawa. Ni mambo gani muuguzi anaweza kuyafanya mwenyewe, na ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba tatizo si makelele ya wodi bali ni ugonjwa wa usingizi?

Jibu la 1
Ndugu, anza na ratiba ya wodi. Mzunguko mmoja wa usingizi huchukua takriban dakika 90, kwa hiyo mgonjwa anayeamshwa saa 5 kupimwa presha, saa 6 kupewa kidonge na saa 7 kubadilishiwa dripu hapati nafasi ya kuukamilisha hata mmoja. Hali yake ikiruhusu, kazi hizo zifanyike kwa pamoja. Pitia pia chati ya dawa, kwani dawa ya kuongeza mkojo ikitolewa jioni humpeleka chooni usiku kucha. Mwombe daktari aihamishie asubuhi.

Jibu la 2
Naongezea jambo ninaloliona zito zaidi: ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Muuguzi wa usiku ndiye anayemwona mgonjwa akiwa usingizini, na asiposema yeye, daktari wa raundi ya asubuhi hatajua. Ukimsikia mtu anakoroma kwa nguvu, kisha akanyamaza huku kifua kikihangaika bila hewa kupita, halafu akashtuka akihema kama aliyekabwa, hesabu sekunde. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena, andika saa na kiwango cha oksijeni kwenye faili, kisha toa taarifa, hasa ikiwa ni mnene au presha yake haishuki licha ya dawa. Tafadhali, huyo asipewe dawa ya usingizi kabla daktari hajaarifiwa, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hulegeza misuli ya koo na kudhoofisha upumuaji.

Jibu la 3
Nakubaliana kabisa na mchangiaji aliyetangulia. Kwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani, muulize tatizo limeanza lini: kukosa usingizi angalau siku 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu, na tiba inayopendekezwa kwanza ni ile ya kurekebisha fikra na tabia za kulala. Mwelekeze aandike kila siku saa anazolala na kuamka, aamke saa ileile hata baada ya usiku mbaya, na usingizi ukigoma atoke kitandani mpaka umjie. Anayesema miguu inamsumbua jioni mpaka aitikise, shauri apimwe akiba ya madini ya chuma mwilini, kwani upungufu wake unaweza kuchangia hali hiyo.