Naomba ushauri: nitapata wapi ramani nzuri za mchezo wa mezani wa njozi?

MezaYaTemeke

Wakuu, salaam. Mimi ni mwendesha mchezo, yaani msimulizi wa kisa, wa kundi la wachezaji watano, kila mmoja akiigiza mhusika wake, tunaokutana kila Jumamosi jioni kucheza Dungeons & Dragons. Kisa chetu kinatokea katika mji wa kisiwani wenye bandari ya majahazi, na chini ya mji huo yamo magofu ya kasri la sultani aliyesahauliwa. Nimetafuta ramani mtandaoni kwa miezi miwili, na ninazozipata hupendeza macho lakini mezani hazinifai. Miji yote imezungukwa na milima ya theluji na ina mapaa ya mchongoko, ilhali mji wangu ni wa nyumba za matumbawe na vichochoro. Ramani moja ya mapango niliipeleka kuchapishwa steshenari, nayo ikatoka na miraba midogo kiasi kwamba kinyago kimoja (kisanamu cha mhusika) kinafunika miraba minne.

Nahitaji ramani ya visiwa vyote, ya mji, na ya magofu. Fedha niliyonayo ni kidogo. Aidha, ningependa siku moja kukigawa kisa hiki kwa makundi mengine, kwa hiyo haki za wachoraji nazo zinanihusu. Naombeni mwongozo.

FundiChapa

Ndugu, nianze na tatizo la miraba kwa sababu ndilo jepesi. Katika mchezo huu mraba mmoja wa mezani una upande wa inchi moja, yaani sentimita 2.54, na unawakilisha futi 5 za ndani ya kisa. Bila shaka ramani yako ilichapishwa kwa mpangilio unaoibana picha nzima ili ienee kwenye karatasi moja. Mwombe mchapaji aweke ukubwa halisi, asilimia 100, kisha pima mraba mmoja kwa rula kabla hajaendelea na kurasa nyingine.

Ujiandae pia kwa wingi wa karatasi. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7, na ukiondoa ukingo ambao printa haiufikii, unabaki na miraba 7 kwa 10. Magofu yenye miraba 30 kwa 40 yatakula karatasi 20, na hizo ni fedha. Mimi huchapisha chumba kimoja au viwili ambamo nina hakika kutakuwa na mapigano, na sehemu nyingine nazichora kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa niliyoipiga mistari mapema. Jambo la mwisho: tazama idadi ya pikseli. Picha yenye upana wa pikseli 2,400 kwa miraba 30 inakupa pikseli 80 tu kwa kila mraba, na hiyo itatosha kwenye skrini lakini karatasini itaonekana na ukungu.

Kalamu_na_Dadu

Kwa magofu, tafuta kazi za mchoraji anayejulikana kwa jina la Dyson Logos. Amechora mamia ya ramani za mapango, mahandaki na mahekalu kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, na nyingi ameruhusu zitumike hata katika kazi za kuuzwa mradi jina lake litajwe. Soma masharti ya kila ramani, kwa kuwa si zote zimo katika ruhusa hiyo. Weusi na weupe huo una faida kubwa kwako: hauli wino wa rangi, na haukulazimishi nchi yoyote. Chumba ambacho mwenzako atakifanya ghala la mvinyo, wewe utakifanya kisima cha sultani.

Nitatofautiana kidogo na FundiChapa. Magofu yasiyojulikana yasichapwe kabisa. Waelezee wachezaji wanachokiona kwenye mwanga wa taa yao, na mmoja wao achore ramani kwa penseli. Kundi langu lilipoanza kufanya hivyo, watu waliacha kushika simu mezani, kwa sababu kosa la mchoraji wao lingeweza kuwapoteza wote.

Bint_Pwani

Kuhusu mji, nakuomba uache kuutafuta katika hazina za ramani za njozi, kwa kuwa unao karibu. Tengenezo la Watabou, programu ya mtandaoni inayojichorea miji, litakupatia mji mpya kila unapobonyeza, bila malipo, lakini umbo lake ni la mji wa Ulaya ya kale wenye ukuta na viwanja, na utahangaika kuubadilisha. Fungua OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyo mtandaoni, uitazame Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar. Vichochoro vinavyopinda, misikiti iliyo katikati ya makazi, na barabara moja pana iliyo ufukweni: huo ndio mji ulioueleza. Weka karatasi nyepesi juu yake, fuatisha mitaa, ugeuze kaskazini iwe kusini, kisha badilisha majina. Ukigawa kazi hiyo kwa wengine, wataje wachangiaji wa OpenStreetMap, kwa kuwa leseni yao inadai hivyo.

Kwa kasri, tazama ramani ya msingi ya Husuni Kubwa, kule Kilwa Kisiwani. Kasri hilo la karne ya 14 lina zaidi ya vyumba mia moja, nyua kadhaa na bwawa la pembe nane, nalo limejengwa juu ya jabali linaloitazama bahari. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichapisha michoro ya uchimbuaji wake wa Kilwa mwaka 1974. Michoro hiyo usiisambaze jinsi ilivyo. Jifunze mpangilio wake kisha uchore wako.

Halafu kuna picha za Kilwa na Mombasa katika kitabu cha miji cha Braun na Hogenberg cha mwaka 1572. Umri wake umeshakitoa katika hakimiliki, na picha zake zinapatikana mtandaoni kwa ubora mkubwa. Hizo ndizo za kumpa mchezaji mkononi, kama ramani aliyoinunua kwa nahodha mzee.

MezaYaTemeke

Nashukuru sana. Sikuwa nimewaza hata kidogo kuitumia Lamu. Je, visiwa vyote kwa pamoja?

Nahodha_wa_Tanga

Jaribu tengenezo la Azgaar, programu inayojichorea ramani za nchi za njozi, ambalo ni la bure na hufanya kazi ndani ya kivinjari. Litakupa pwani, mito na mipaka ya dola kwa dakika chache, nawe ufute majina yake yote. Ukipata fedha baadaye, Wonderdraft, programu ya kuchorea ramani mwenyewe, hulipiwa mara moja tu na hufanya kazi bila intaneti.

Lakini usipime bahari kwa maili. Kwa safari za nchi kavu, waendesha mchezo hugawa ramani kwa vigae vya pembe sita vya maili 6, na msafiri wa miguu anayetembea maili 24 kwa siku huvuka vinne. Jahazi linategemea upepo. Andika kati ya kisiwa na kisiwa siku za safari, mara mbili: moja ya kaskazi, ya Desemba hadi Machi, na nyingine ya kusi, inayoanza Aprili. Wachezaji wako wakichelewa bandarini wiki moja upepo unapogeuka, safari ya siku tatu kuelekea kusini inaweza kuwa ya siku kumi.

MezaYaTemeke

Nimefuatisha Lamu usiku huu na kuigeuza. Jumamosi nitawapa wachezaji penseli na karatasi moja ya miraba, na kitakachochapishwa ni ukumbi wa bwawa la pembe nane peke yake, kwa karatasi nne.