Nywele kunyonyoka na kizunguzungu baada ya kupungua kilo 19: naomba ushauri

Wadau, habari zenu. Naomba msaada wa waliopungua uzito, au wanaohudumia watu wa aina hiyo.

Nimetoka kilo 98 hadi 79 ndani ya miezi mitano, kwa kupunguza chakula na kutembea. Nguo kupwaya nilitarajia. Pete kuvuka kidoleni, baridi ya kila saa, makalio kuuma kwenye kiti kigumu kwa kukosa mafuta, hayo hakuna aliyeniambia, ila yanavumilika.

Yanayonisumbua ni mawili. Nywele zinanyonyoka na mzizi wake mweupe, si kukatika. Najua kupungua haraka huzipumzisha nywele nyingi kwa mpigo, zikadondoka miezi miwili mitatu baadaye. Wingi wa damu na tezi ya shingo viko sawa. Akiba ya madini ya chuma, yaani ferritini, haijapimwa. Protini nimeipandisha kutoka gramu 45 hadi 80 kwa siku.

La pili, kizunguzungu nikisimama. Bado natumia dozi ya dawa ya presha niliyoanzishwa nikiwa mzito. Nikikaa napata 114/72. Nikisimama dakika moja, 92/62. Dawa sijaiacha, maana kuikatiza kiholela ni hatari, na nimeomba miadi ya daktari iwahishwe.

Je, ferritini ipimwe sasa, au nisubiri nywele zitulie zenyewe? Na vipimo vya presha vya kumpelekea daktari nivichukue kabla ya kumeza dawa, baada yake, au nyakati zote mbili?