Paka wa jirani anafungua kitasa cha jikoni, nimfanyeje?

Baba Nasra:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na msicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Niko Tanga, Ngamiani, nyumba ya kupanga, ua mmoja. Jirani ana paka dume mwekundu, jitu zima. Mlango wetu wa jikoni una kitasa cha mkono, kile cha kubonyeza chini. Huyu bwana anaruka, ananing'inia kwa miguu ya mbele, mkono unashuka kwa uzito wake, mlango unaachia, kaingia. Kawa halimsumbui: anapenyeza pua chini ya ukingo, anainua, anavuta kibua kimoja na kuondoka nacho.

Kinachoniumiza kichwa ni ratiba. Mke wangu akiwepo, paka kajilaza kizingitini, macho nusu, hana habari na mtu. Pikipiki yangu ikishaondoka na mama Nasra akishika kapu la sokoni, hapo ndipo anapoinuka. Halafu muuza samaki na muuza aiskrimu wote wanapita na honi. Ya aiskrimu hata sikio hatikisi. Ya samaki, yuko getini kabla ya wateja.

Mpangaji mwenzetu anataka kutega sumu. Mimi sitaki, kuna watoto na kuku uani, na mwenye paka ni bibi wa watu anayempenda sana. Nifanyeje?

Mla Pweza:
Huyo si paka, mkuu. Tafuta shekhe 😂😂

Fundi wa Makorora:
Kabla ya shekhe mwite fundi. Fungua kitasa, ukifunge upya mkono uelekee chini, ili mlango ufunguke kwa kuinua na si kwa kushusha. Kuning'inia anaweza, kuinua hawezi. Kama mfuko hauruhusu, piga komeo juu kwa nje, yatosha.

Mtu wa Mifugo:
Jini hahitaji kitasa, Mla Pweza. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike aliandika habari za paka wenye njaa aliowafungia kwenye masanduku yenye kamba na vibonyezo, chakula kikiwa nje. Paka alikwaruza, akang'ata, akasukuma kila kitu mpaka kwa bahati akagusa penyewe. Alivyozidi kurudishwa ndani ndivyo muda ulivyopungua, mwisho akawa anakwenda moja kwa moja kwenye kibonyezo. Huyo wako naye huenda alirukia mkono siku moja tu, mlango ukamlipa samaki.

Sasa sikiliza. Ukimbadilishia kitasa, mwanzoni atazidi: atakwaruza, atalia usiku. Msimfungulie hata mara moja. Anayelipwa mara mojamoja ndiye asiyekata tamaa, muulize mcheza kamari yeyote.

Sumu achana nayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na sumu haichagui kati ya paka na kuku wako.

Bishoo wa Kaskazini:
Hayo ya ratiba mnatia chumvi. Kulikuwa na farasi Ujerumani, Hans, watu wakaapa anajua hesabu, anajibu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akaonyesha kwamba farasi anamtazama tu muulizaji: kichwa kikitikisika kidogo, anaacha kugonga.

Mtu wa Mifugo:
Na hiyo ndiyo akili yenyewe, mkuu. Hesabu hajui, lakini alisoma mtikisiko ambao muulizaji mwenyewe hakujua anaufanya. Kapu la mama Nasra ni rahisi zaidi kusoma.

Chuma Ulete:
Mbwa koko wa bucha la mtaani kwetu Mbeya hajisumbui na mlango ukifunguliwa. Analala ng'ambo ya barabara. Kisu kikianza kunolewa, anavuka. Tena anavuka na watu, akiona wamesimama naye anasimama.

Mama Wawili, Mombasa:
Pole baba. Swali moja tu: vichwa vya samaki hapo kwenu vinaenda wapi? Paka wa mtu hagandi mlangoni pako bure.

Baba Nasra:
Dada, nimeuliza. Nasra anampa kwa mkono kila jioni. Mama yake anajua, kanyamaza.

Mama Wawili, Mombasa:
Basi Nasra amlishe upande wa bibi, kwenye sahani, saa ileile, na jikoni kwenu asipewe hata mwiba. Atahamia huko.

Mtu wa Mifugo:
Naunga mkono. Na muulizeni bibi kama paka amechanjwa kichaa cha mbwa, maana paka naye anaupata na kuuambukiza. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mkimshawishi bibi amhasi, atapunguza kuzurura. Wizi wa samaki hautaisha kwa hilo, nisikudanganye.

Baba Nasra:
Mrejesho: kitasa kimegeuzwa. Karuka, kaning'inia, kadondoka, akarudia mpaka kuku wakatawanyika. Leo kanusa mlango, akaenda kukaa chini ya dirisha. Pale kuna wavu wa mbu tu. Fundi, waya wa kuku mita inakwendaje?

Fundi wa Makorora:
Chukua wa matundu madogo. Pima dirisha kwanza, unitumie vipimo inboksi.