Maswali ya uwezekano kwenye GMAT: kuhesabu michaguo, kuzidisha hatua kwa hatua, au kutoa kwenye moja?

Mkazi wa Ipagala aliandika:

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninajiandaa kufanya mtihani wa GMAT kwa ajili ya maombi ya shahada ya uzamili, na mahali ninapokwama kila mara ni kwenye maswali ya uwezekano. Sehemu ya hisabati ina maswali 21 kwa dakika 45 na kikokotoo hakiruhusiwi, hivyo kila swali lina dakika mbili na sekunde chache tu. Ndiyo maana ningependa niwe na njia moja ya kuanzia, badala ya kuyumba kati ya njia tatu huku saa inakimbia.

Ili tulinganishe kwa haki, nimetunga swali moja na kulifanya kwa njia zote. Kwenye gunia la mitumba pale sokoni Majengo zimo jozi 6 za viatu, kila jozi ya aina yake. Mteja anachomoa viatu 4 bila kuangalia na bila kurudisha. Kuna uwezekano gani kwamba hatapata hata jozi moja iliyokamilika?

Kwa kuhesabu michaguo, yaani namna zote za kuchagua viatu bila kujali mpangilio, nilipata 16/33, lakini nilitumia dakika tatu. Kwa kuzidisha hatua kwa hatua nilipata jibu hilo hilo kabla dakika haijaisha. Kwa kutoa kwenye moja, yaani kutafuta uwezekano wa kupata jozi kisha kuutoa kwenye 1, nilipata 5/11, na mpaka sasa sijaona nilipoteleza. Nilichagua jozi moja kati ya 6, kisha viatu viwili vyovyote kati ya 10 vilivyobaki, ambavyo vina michaguo 45. Mara 6 nikapata 270, nikagawanya kwa michaguo yote 495 ya viatu 4 kati ya 12, nikapata 6/11, nikaitoa kwenye moja. Naomba mnisaidie kuona kosa, na mniambie ninyi mngeanza na njia ipi.

Mwalimu wa Kikuyu alijibu:

Kosa lako ni la kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Chukua mteja aliyetoka na jozi mbili kamili, yaani viatu vyeusi viwili na vya kahawia viwili. Wewe ulimhesabu ulipochagua jozi nyeusi kwanza na ya kahawia ikaja kama “viatu viwili vyovyote”, kisha ukamhesabu tena ulipoanza na ya kahawia. Wateja wa namna hiyo ni 15, kwa kuwa jozi mbili kati ya sita huchaguliwa kwa namna 15. Ukipunguza 15 kwenye 270 unabaki na 255, ambayo ukiigawanya kwa 495 ni 17/33, na ukiitoa kwenye moja unarudi kwenye 16/33 yako.

Kwa upande wangu, niliyefundisha hesabu kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi, ningeanza na michaguo. Ili asipate jozi, viatu vinne lazima vitoke kwenye jozi nne tofauti, nazo huchaguliwa kwa namna 15. Kila jozi inatoa kiatu cha kushoto au cha kulia, hivyo una 2 × 2 × 2 × 2, yaani 16. Zidisha 15 kwa 16 upate 240, kisha gawanya kwa 495. Dakika tatu ulizotumia zinatokana na uchache wa mazoezi, maana mwenye kukumbuka kwa kichwa kwamba 4 kati ya 12 ni 495 hatazihitaji.

Binti Kondoa alijibu:

Shikamoo, Mwalimu. Kwa heshima zote, ni wangapi wanaokumbuka 495 kwa kichwa siku ya mtihani, wakiwa wamelala kwa muda wa saa nne tu?

Mimi huanza na kuzidisha, kwa sababu najiona nikichomoa viatu kimoja kimoja. Cha kwanza ni chochote. Vimebaki 11, na kati ya hivyo 10 si pacha wa nilichoshika. Nikichomoa cha pili vinabaki 10, na salama ni 8. Nikichomoa cha tatu vinabaki 9, na salama ni 6. Basi ni 10/11 × 8/10 × 6/9, ile 10 ya juu inakatana na ya chini, nabaki na 48/99, ambayo ni 16/33. Hakuna namba kubwa hata moja.

Lakini sababu yangu hasa ni makosa, wala si kasi. Makosa mengine yana kelele na mengine ni ya kimya. Anayezidisha 12 × 10 × 8 × 6 anapata 5,760, na akisahau kwamba ameshazingatia mpangilio akagawanya kwa 495 iliyo ya michaguo, jibu linazidi 11. Uwezekano hauwezi kuzidi moja, kwa hiyo anashtuka na kurudi nyuma. Ile 5/11 yako, ndugu yangu wa Ipagala, ilikuwa imetulia katikati ya sifuri na moja kama jibu halali, na mtunzi wa mtihani anayejua kazi yake angeiweka miongoni mwa majibu matano akusubiri hapo.

Wa Chamwino alijibu:

Msiitupe njia ya kutoa kwenye moja kwa sababu ya gunia moja la viatu. Kazi yake ni kwenye neno “angalau”. Ukirusha dadu yenye nyuso sita mara nne, kuna uwezekano gani wa kupata sita angalau mara moja? Wengi hujumlisha 1/6 mara nne wakapata 2/3, na ukiwauliza ingekuwaje kwa kurusha mara saba, wanapata zaidi ya moja na kunyamaza. Anayetoa kwenye moja anasema kwamba kukosa sita mara zote nne ni 5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6, yaani 625/1,296, hivyo kuipata ni 671/1,296, zaidi kidogo ya nusu.

Swali hili lina historia. Huko Ufaransa Chevalier de Méré, mpenzi wa kamari, aliona kwamba sita katika marusho manne na sita pacha (sita mbili kwa mrusho mmoja) katika marusho 24 ya dadu mbili havilingani, ingawa kwa kujumlisha vyote huwa 2/3. Hesabu ya kweli inatoa karibu 0.518 kwa la kwanza na karibu 0.491 kwa la pili. Mwaka 1654 Pascal na Fermat walikuwa wakiandikiana barua kuhusu maswali ya kamari ya aina hiyo.

Nzuguni alijibu:

Mimi nilifanya GRE, mtihani mwingine wa maombi ya uzamili, ambako kikokotoo kipo kwenye skrini, na bado hakikunisaidia kwenye uwezekano. Kabla ya kuchagua njia yoyote, jiulizeni kama swali linahitaji hesabu kweli. Watu watano wamepanga foleni bila utaratibu maalumu kwenye dirisha la tiketi stendi ya Nanenane. Kuna uwezekano gani kwamba Asha yuko mbele ya Juma? Nimeona watu wakiandika foleni zote 120. Jibu ni nusu, kwa sababu kila foleni yenye Asha mbele ina mwenzake ambamo wamebadilishana nafasi.

Mkazi wa Ipagala aliandika:

Asanteni sana, na shikamoo, Mwalimu. Nilimfuata Binti Kondoa, nikabadilisha swali langu ili mteja apate jozi moja tu iliyokamilika. Cha kwanza chochote, cha pili ni pacha wake kwa 1/11, cha tatu chochote kati ya 10, cha nne si pacha wa cha tatu kwa 8/9. Nikapata 8/99, nikafurahi, kisha nikashangaa kwa udogo wake. Hili nalo si kosa la kimya?

Binti Kondoa alijibu:

Ni la kimya kabisa, na nakubali limenishika. Umehesabu hali moja tu, ile ambayo pacha wametoka kwanza na wa pili. Wanaweza kukaa wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne, na kadhalika, jumla nafasi 6, na kila moja ina 8/99. Zidisha kwa 6 upate 48/99. Swali likiwa na “moja tu” au “mbili tu”, sasa nitaanza na michaguo kama Mwalimu.

Mwalimu wa Kikuyu alijibu:

Marahaba, wanangu. Kwa michaguo ni jozi moja kati ya 6, kisha jozi mbili kati ya 5 zilizobaki, ambazo ni namna 10, kisha kushoto au kulia kwa kila moja, yaani 4. Hiyo ni 240, sawasawa na wale wasiopata jozi. Sasa pangeni mafungu yote matatu pamoja: wasio na jozi 240, wenye jozi moja 240, wenye jozi mbili 15. Jumla ni 495. Yule mwenye 8/99 angekuwa na 40 mahali pa 240, na mafungu yake yangepungukiwa na watu 200.