Simba wa Tsavo: dume bila manyoya shingoni?

Nyanya wa Kibokoni: Jana namenya viazi vya bhajia, mjukuu kaniuliza: nyanya, simba dume asiye na manyoya ya shingo yupo? Sisi tuliambiwa wale waliokula mafundi wa reli 1898 ni mashetani.

Dereva wa Voi: Shikamoo nyanya. Yupo, Tsavo nawaona. Wale wawili Patterson, mhandisi wa reli hiyo, aliwaua Desemba ya mwaka huohuo. Wamekaushwa, wako Chicago. Alidai walikula watu 135, wataalamu wakakadiria 35 hivi.

Mpenda Historia: Mmoja chonge lilivunjika, mzizi ukatunga usaha. Kwa jino hilo angemweza nyati kweli?

Nyanya wa Kibokoni: Marahaba wanangu. Kumbe jino! Mie langu likiuma, hata muhogo wa nazi siugusi.