Naomba ushauri: data ya Dar kwenda Dar inapitia London

Habari zenu wakuu. Natumia faiba ya nyumbani kuingia kwenye seva ya ofisini, iliyo hapa hapa Dar ila kwa mtoa huduma mwingine. Hadi wiki iliyopita pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) ilikuwa milisekunde 6. Sasa ni 290, na simu za intaneti na wateja zinakatikakatika, kazi imekuwa ngumu kweli. Nimewasha upya ruta, nimebadili waya, bado. Nilipofuatilia njia hatua kwa hatua nikakuta data inakwenda hadi London ndipo irudi, badala ya kupita TIX, kituo cha hapa Dar ambako watoa huduma wa intaneti hubadilishana data moja kwa moja. Kwa laini ya simu ya kampuni ya tatu napata 20, kwa hiyo seva ni nzima.

Je, nimfuate mtoa huduma wangu au wa ofisini? Na nipeleke vipimo gani ili suala liwafikie mafundi wao wa mtandao?